Baipola: namna ya kuvuna siku za nguvu kabla hazijageuka mania

Baipola, ugonjwa wa akili ambao hisia na nguvu hupanda kupita kiasi (mania) na kushuka hadi huzuni nzito (sonona), ina faida, ila ni nyembamba. Inakaa kwenye zile siku ambazo nguvu imepanda kidogo, usingizi bado upo, na ukiongea watu wanakuelewa. Ukivuka hapo umeingia kwenye mania, na mania hubomoa kazi, akiba na ndoa kwa wiki moja. Utafiti wa Sweden uliotoka mwaka 2013, uliopitia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya milioni moja, ulikuta wenye baipola wako wengi kuliko kawaida kwenye kazi za sanaa na sayansi. Ndugu zao wa damu nao walikuwa hivyo hivyo. Hilo la ndugu lishike sana, maana linaashiria kwamba kipaji kinaweza kuwepo bila mtu kuugua. Huna sababu ya kuulinda ugonjwa ili ulinde kipaji.

Anza na daftari la shule. Chora safu tano: saa ya kulala, saa ya kuamka, nguvu, pesa iliyotoka, dawa. Nguvu uipe alama. 0 ni siku ya kawaida. +1 mawazo yanakuja yenyewe na kazi inateleza. +2 unaongea haraka, unaanza mambo matano kwa mpigo na watu wanaanza kukukera kwa uzito wao wa kuelewa. +3 ni mania. Upande wa sonona tumia −1 hadi −3. Jaza kila jioni, hata siku ambayo hakuna la maana. Mstari unakuwa hivi: «Jumanne. Nimelala saa 5 usiku, nimeamka saa 11 alfajiri, +1, sh 12,000, dawa nimekunywa.»

Safu ya usingizi ndiyo ya kuamini kuliko zote, kwa sababu alama ya nguvu unajipa mwenyewe, na anayepanda kuelekea mania hujiona yuko sawa kabisa. Mtu aliyekesha msibani akilala masaa manne hushinda anasinzia. Anayepanda hulala masaa hayo hayo akaamka mwepesi, anatafuta cha kufanya. Usiku wa pili wa namna hiyo chukua hatua, usingoje wa tatu.

Siku za +1 zitumie kwa kazi ya kuzalisha: kuandika rasimu, kuchora, kutunga, kupigia wateja simu, kupanga biashara kwenye karatasi. Fanya kazi kwa vipande vya dakika 90, kula kwa wakati hata kama njaa huisikii, na ufunge kazi saa 1 jioni. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kazi inanoga, mtu anasema leo nikeshe tu nimalize, na usiku huo mmoja wa kukesha ndio unaompandisha. Kuhariri, kutuma na kusaini viache hadi ukirudi 0. Mkopo, kuuza kiwanja, kuacha kazi, kuchumbia: wazo lilale usiku mbili kamili, kisha lisikilizwe na watu wawili unaowaamini. Wazo zuri halitaoza kwa siku mbili.

Ukifika +2, acha kuvuna. Taa na simu zizimwe kuanzia saa 3 usiku, chumba kiwe giza, na ubaki kitandani hata usingizi usipokuja. Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu, pombe na mirungi viache kabisa. Simu ya pesa mkabidhi mtu mliyekubaliana naye mapema, maana mikopo ya simu na ya kausha damu huchukuliwa kwa dakika chache na kulipwa kwa miezi. Makubaliano hayo yaandikwe ukiwa 0, yataje dalili zako hasa na nani ana ruhusa ya kukwambia «umepanda». Kisha wasiliana na kliniki. Ukiwa +3, au ukipata mawazo ya kujiua wakati wowote, ni hospitali siku hiyo hiyo, na usiachwe peke yako.

Hofu kubwa ya wasanii ni kwamba dawa itawaua ubunifu. Mogens Schou, daktari wa Denmark, aliwauliza wasanii 24 waliokuwa wakitumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia kwa wenye baipola: 12 walisema wanazalisha zaidi, 6 hawakuona tofauti, 6 walisema wanazalisha kidogo. Kama uko kwenye hao wa mwisho, mweleze daktari aangalie kipimo cha dawa. Usiache ghafla, kwani kuacha ghafla ndiko kunakoirudisha mania kwa kasi.

Lithiamu inahitaji adabu. Damu hupimwa masaa 12 baada ya dozi ya mwisho, na wengi hulengwa 0.6 hadi 0.8 mmol ya lithiamu kwa lita. Figo na tezi ya shingo hupimwa kila miezi 6 hivi. Maumivu yatulize kwa parasetamo. Ibuprofeni na diklofenaki hupandisha lithiamu kwenye damu. Kuharisha, jasho jingi bila kunywa maji na kupunguza chumvi ghafla hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo funga ya Ramadhani ipange na daktari kabla mwezi haujaandama. Mikono ikitetemeka sana, ukitapika, ukiyumba au ulimi ukiwa mzito, simamisha dozi na uende hospitali mara moja. Mwanamke anayeweza kushika mimba aulize kwanza kabla ya kuanzishiwa valproeti, dawa nyingine ya kutuliza hisia, kwa sababu hudhuru mtoto tumboni.

Ndani ya sonona nzito usitafute faida, tafuta tiba. Ila ukienda kliniki kwa ajili ya sonona, mfungulie daktari kurasa za siku za +1 na +2 pia, hata kama siku hizo ulijiona mzima kuliko wakati wote. Asipozijua anaweza kukupa dawa ya sonona peke yake, na kwa mwenye baipola dawa hiyo ikitumika bila dawa ya kutuliza hisia inaweza kumrusha moja kwa moja kwenye mania.