Kumhamishia ndugu nyumba iliyo rehani

Katika kazi yangu ya uwakili, mafaili yanayonikosesha usingizi ni ya ndugu wanaopeana nyumba huku mkopo wake ukihamishiwa benki nyingine. Wanaaminiana, kwa hiyo hawaandikiani kitu.

Anzeni benki kabla ya kwenda kwa msajili wa ardhi. Kwa kawaida nyumba iliyo rehani haihamishwi bila idhini ya maandishi ya mkopeshaji, na benki mpya itapima kipato cha anayepokea kama mteja mgeni kabisa. Kaka akimwachia dada sehemu yake, jina lake likatoka kwenye hati lakini likabaki kwenye mkataba wa mkopo, ataendelea kudaiwa. Adai barua ya kumwondoa kwenye deni, yenye saini na muhuri.

Kila upande uwe na wakili wake. Hapa silegezi kamba: mama mzee anayempa mwanawe nyumba aelezwe, mwanawe akiwa nje ya chumba, kwamba akishatoa hana uhakika wa kurudishiwa. Kama ataendelea kuishi humo, haki hiyo iandikwe.

Msidhani zawadi haina kodi. Katika nchi nyingi, deni analolibeba mpokeaji huhesabiwa kama bei aliyolipa.

Siku ya kukamilisha, fedha za benki mpya hulipa deni la zamani, rehani ya kwanza hufutwa, uhamisho husajiliwa, kisha rehani mpya huandikwa kwa jina la mmiliki mpya. Halafu ombeni nakala ya daftari la ardhi, msome majina herufi kwa herufi.