Trapu ya wanawake: kazi inayofanyika kabla kisahani hakijaruka

Trapu ni mchezo wa kuvunja visahani vinavyorushwa hewani kwa shotigani, bunduki inayotawanya marisau (vichembe vidogo vya risasi). Kisahani chake kina upana wa milimita 110 na uzito wa gramu 105. Kinachomoka kwenye handaki lililo mita 15 mbele yako, kimepangiwa kufika mita 76, na kinaweza kuchepuka hadi nyuzi 45 kushoto au kulia. Hujui kitaelekea wapi mpaka ukione, na hapo hakuna muda tena wa kujipanga. Kwa hiyo anayejiandaa hapa Dar es Salaam, ambako kila risasi ni gharama, aanze na jicho, kitako cha bunduki na miguu.

Jicho kwanza. Nyoosha mikono, kutanisha viganja uache tundu dogo, kisha tazama nguzo ya umeme ya mbali kupitia tundu hilo, macho yote mawili yakiwa wazi. Funga la kushoto. Nguzo ikibaki pale pale, jicho lako lenye nguvu ni la kulia. Ikipotea, ni la kushoto, na ukilengea bega la kulia utakuwa unapiga pembeni huku ukiamini ulikuwa juu ya kisahani. Anayeanza ahamie bega la kushoto mara moja. Aliyekwisha kuzoea abandike kipande kidogo cha selotepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani, usawa wa ncha ya mtutu tu, ili upande huo uendelee kuona uwanja.

Kwenye kitako ndiko wanawake wengi wanakoumia bure. Shotigani nyingi hutengenezwa kwa kipimo cha mwili wa mwanamume. Kitako kikiwa kirefu kinanasa kwapani, na bunduki inapanda kwa kuchelewa. Kipandishe begani: kati ya pua na kidole gumba pabaki nafasi ya vidole viwili hivi. Mwenye shingo ndefu huishia kuinamisha kichwa kutafuta mbao ya kitako; ainue sehemu ya shavu kwa tabaka za sponji nyembamba na tepu mpaka shavu litulie lenyewe. Ncha ya chini ya kitako ikichoma kifua, fundi wa silaha abadilishe pembe yake; usivumilie, maana anayeogopa maumivu hufumba macho kabla ya kufyatua. Mkanda wa sidiria usikae chini ya kitako, nywele zifungwe nyuma, na mtandio ubanwe bapa kwa pini usije ukakunjamana begani.

Mazoezi ya nyumbani hayahitaji risasi hata moja. Bunduki iwe yenye leseni halali chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ifunguliwe na kukaguliwa kuwa tupu, na risasi zifungiwe chumba kingine. Funga macho, pandisha bunduki, fungua macho. Kishabaha cha ncha, yaani kitufe kidogo cha kulengea mwishoni mwa mtutu, kinatakiwa kiwe katikati ya reli, ule ukanda ulio juu ya mtutu. Kikiegemea upande, rudi kwenye kitako. Kisha fuata kwa mtutu mstari ambapo ukuta unakutana na dari, kona hadi kona, ukizungusha kiuno. Mara ishirini za taratibu zinafaa kuliko mia za haraka.

Uwanjani, kila kituo cha kupigia kati ya vitano kina mitambo yake mitatu ya kurusha visahani, na alama kwenye ukingo wa handaki inaonyesha mtambo wa kati. Mguu wa mbele ubebe uzito kidogo zaidi, na nyayo zikae hivi kwamba unafika nyuzi 45 za pande zote bila kukaza mgongo. Jaribu mzunguko huo kabla ya kupakia. Mtutu uelekee kwenye alama, lakini macho yatazame mbele zaidi, hewani. Anayekodolea kishabaha atabaki nyuma ya kisahani kila mara. Kisha ita kwa sauti fupi na thabiti, kwa sababu maikrofoni ndiyo inayokiachia. Sauti ya kusitasita inakuvuruga wewe mwenyewe. Una sekunde 12 tu tangu mwenzako alipopiga.

Ukikosa, tafuta chanzo. Kuinua shavu ili uone kama kimevunjika hupeleka marisau juu. Kusimamisha mtutu wakati wa kufyatua huyaacha nyuma. Upepo ukikujia usoni, kisahani hupanda. Ukitoka mgongoni, hushuka. Alasiri upepo wa bahari huwa mkali Dar, basi duru za kurekebisha makosa zifanyike asubuhi. Ukimaliza, pangusa bunduki kwa mafuta usiku huo huo na usiilaze kwenye mkoba wenye sponji: unyevu wa pwani hukaa humo, na kutu huanzia hapo.

Kwenye Olimpiki, mchujo wa wanawake ni visahani 125, duru tano za 25, na kila kisahani unaruhusiwa risasi mbili zisizozidi gramu 24.5 za marisau. Mwaka 2021 kule Tokyo, Zuzana Rehák Štefečeková wa Slovakia alivunja vyote 125. Fainali ya Paris 2024 ilikuwa shughuli nyingine: visahani 50, risasi moja moja, na Adriana Ruano wa Guatemala akachukua dhahabu kwa kuvunja 45. Aliyezoea kuokolewa na risasi ya pili hushikwa hapo. Wiki za mwisho kabla ya mashindano, piga nusu ya duru zako ukiwa umepakia risasi moja tu.