Namna ya Kuchagua Kabati la Nguo Linalofaa Chumba cha Mombasa

Wateja wengi hunijia na picha ya kabati waliyoiona kwenye simu, wakitaka niwatengenezee mfano wake. Kabla ya kukubali, huwaomba tuzikague nguo na kuta za chumba, kwa sababu kabati lililobuniwa kwa nchi yenye hewa kavu, likiwekwa Likoni au Tudor bila marekebisho, huanza kutoa harufu ya uvundo na nguo hushikwa na koga msimu wa masika unapofika.

Hatua ya kwanza ni kuzitoa nguo zote na kuzigawa: za kutundikwa, za kukunjwa, na zile zinazovaliwa kwa nadra. Kisha chukua futi ya kupimia. Itundike kwenye hanga kanzu au buibui lililo refu kuliko yote, upime kuanzia bomba la kutundikia hadi pindoni; kwa mtu mzima, urefu huo aghalabu hukaribia sentimita 150. Shati, au suruali iliyokunjwa juu ya hanga, hutoshewa na sentimita 100. Kwa hiyo mwenye mashati mengi atafaidika na mabomba mawili, moja juu ya jingine, na mwenye kanzu, mabuibui na madera mengi atahitaji upande wenye bomba moja tu. Katika nyumba nyingi za hapa pande zote mbili huhitajika. Leso na vikoi ni vya rafu. Acha nafasi ya sentimita 30 hivi kati ya rafu na rafu, maana rundo likizidi hapo huporomoka kila unapovuta nguo ya chini.

Hatua ya pili ni kuupima ukuta kama una unyevu, na hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Bandika kipande cha nailoni angavu ukutani, ukizibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache kwa siku moja au mbili. Matone yakionekana upande wa ndani, unaogusana na ukuta, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, unyevu umo hewani. Ukuta unaotoa maji haufai kabisa kujengewa kabati la kudumu mpaka chanzo chake kirekebishwe, iwe ni bomba linalovuja au paa.

Hatua ya tatu ni kuchagua mfumo wenyewe. Kabati la kujengewa ukutani linamfaa mwenye nyumba ambaye kuta zake ni kavu, kwani hutumia nafasi yote hadi darini. Mpangaji na achague kabati la kusimama, atakaloweza kuhama nalo, naye aliweke mbali na ukuta kwa sentimita 5 ili hewa ipite nyuma. Ikiwa chumba kina unyevu mwingi, mimi hupendekeza fremu iliyo wazi yenye pazia jepesi: vumbi litaingia, lakini vumbi hukung'utwa, ilhali madoa ya koga kwenye kanzu nyeupe ni vigumu kuyatoa.

Hatua ya nne ni mbao. Chipibodi na MDF, yaani mbao zilizotengenezwa kwa chembe au nyuzi za mti zilizogandamizwa kwa gundi, ni za bei nafuu, lakini hufura zikinywa maji, hasa kwenye ukingo wa chini unaoguswa na maji kila sakafu inapopigwa deki. Ukizitumia, hakikisha kingo zote zimezibwa, hata zile zisizoonekana, na kabati lisimame juu ya miguu ya sentimita 10. Plaiwudi ya marini, iliyounganishwa kwa gundi isiyoyeyuka kwa maji, hustahimili zaidi. Mvule ni bora kuliko zote, na mchwa hawaupendi, ila bei yake ni kubwa. Rafu ya chipibodi ikizidi sentimita 80 bila nguzo ya kati, itapinda kwa uzito wa nguo.

Kina cha sentimita 60 kinatosha hanga na mikono ya nguo. Bomba liwe la alumini au chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa hewa ya chumvi hula chuma cha kawaida na kutu huishia mabegani mwa nguo. Milango iwe na luva, yaani vibanzi vilivyoinamishwa vyenye nafasi za kupitisha hewa.

Unapopanga, nguo iliyotoka kupigwa pasi au kufukizwa udi na ipoe kwanza nje ya kabati, na kafuri itiwe kwenye kifuko cha kitambaa ili isigusane na nguo.