Jinsi ya kumkumbuka golikipa aliyefariki: tunavyoandaa jioni ya Efford Chabala

Akifa mshambuliaji, kazi ni nyepesi. Unatafuta mabao yake, unayaweka kwenye flashi, watu wanayashangilia upya, wanakwenda kulala. Golikipa ana tabu yake, kwa sababu sifa yake ni mabao ambayo hayakuingia, na kamera za zamani hazikuhangaika sana nayo. Mimi nina banda la kuonyesha mpira hapa Iyunga, Mbeya, si mbali na stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kila mwisho wa Aprili tunamkumbuka Efford Chabala wa Zambia, na wenye mabanda wenzangu wa Mwanjelwa na Tunduma huniuliza tunaipangaje shughuli hiyo. Naandika ili nisirudie maelezo kwa kila anayepiga simu.

Kwanza hakikisha. Mchezaji mstaafu huuawa na makundi ya WhatsApp mara tatu kabla hajafa kweli. Kama msiba ni wa juzi, subiri tamko la familia, klabu au shirikisho, ndipo ubandike tangazo mlangoni. Andika kwenye daftari jina kamili, mwaka wa kuzaliwa na tarehe ya kufa, maana ubishi utakuja. Hapa bandani wapo waliowahi kubishana hadi chai ikapoa kwamba David Chabala na Efford Chabala ni makipa wawili. Ni mtu mmoja, David Efford Chabala, aliyezaliwa mwaka 1960.

Siku ya kumbukumbu chagua kwa akili ya mwenye duka. Chabala alifariki tarehe 27 Aprili 1993. Sisi tunakaa jioni ya tarehe 26, kwa kuwa ni sikukuu ya Muungano na watu hawajatoka kazini wakiwa wamechoka. Tatizo la Aprili huku kwetu ni mvua. Ikishuka juu ya bati, hakuna spika itakayosikika, kwa hiyo sehemu ya kusimulia iwe mapema, saa kumi alasiri, na picha zifuate baadaye. Video pakua siku kabla. Ukitegemea bando na umeme wa saa hiyohiyo, utaaibika mbele ya wazee. Genereta ijazwe mafuta asubuhi, na mwenyekiti wa mtaa aambiwe mapema kwamba kutakuwa na kelele kidogo.

Sasa lililo muhimu kuliko yote: usianze na ndege.

Najua kishawishi chake. Habari yenyewe ni nzito: ndege ya jeshi la anga la Zambia, aina ya Buffalo, ilianguka baharini mara tu baada ya kuruka kutoka Libreville, Gabon, ikiipeleka timu ya taifa Dakar kucheza na Senegali kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 1994. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, wakiwamo Chabala na kocha Godfrey Chitalu. Siku mbili tu nyuma walikuwa wameifunga Mauritius 3-0. Vijana watataka kujua ilikuwaje, na jibu lipo: taarifa ya uchunguzi iliyotoka mwaka 2003 ilieleza kwamba injini moja ilishika moto, na rubani akazima ile nyingine iliyokuwa nzima. Waambie hayo, ila mwishoni, kwa dakika chache. Ukianza nayo, jioni nzima itakuwa ya ndege na kipa wako atabaki kuwa abiria.

Anza naye akiwa langoni. Chagua mechi moja tu, si kumi. Sisi hutumia ile ya Olimpiki ya Seoul, tarehe 19 Septemba 1988, Zambia ilipoichapa Italia 4-0 mjini Gwangju. Kila mtu Mbeya atakuambia kuhusu Kalusha Bwalya na mabao yake matatu, na wajuzi wataongeza kwamba la nne alifunga Johnson Bwalya. Muulize msimuliaji huyohuyo ni nani aliyekuwa golini upande wa Zambia, na ile sifuri ya Italia kwenye ubao ni kazi ya nani. Hapo ndipo jioni inapoanza. Mabao manne ya Kalusha na mwenzake yana wenyewe. Ile sifuri nayo ina mwenyewe.

Video ya zamani haitakusaidia sana, kwa kuwa picha hufuata mpira, na kipa huonekana pale tu hatari inapofika. Kwa hiyo zima sauti ya mtangazaji na umweke mtu wa kueleza. Mtu huyo awe golikipa. Si lazima awe amecheza ligi kuu. Kipa wa timu ya mtaa anatosha, mradi amewahi kudaka kwenye mvua. Simamisha picha mara tano au sita na umuulize maswali ya kazi. Hapa kwa nini hakutoka kuifuata krosi? Ukuta angeupanga watu wangapi? Huu mchomo ni wa kudaka au wa kupangua? Angeutema ungemfikia nani? Utashangaa jinsi kijana aliyekaa kimya bandani miaka yote anavyofunguka akiulizwa la fani yake.

Kisha watoe nje wote. Chukua kamba uliyoipima mita 7.32, ivute kati ya vigingi viwili, na mlingoti mmoja uwe na alama ya mita 2.44. Hilo ndilo goli halisi. Msimamishe katikati yake yule mteja wako anayemtukana kipa kila Jumamosi, mwambie anyooshe mikono. Huwa tunacheka sana, lakini maneno hupungua msimu mzima unaofuata.

Na mabao aliyofungwa yasimuliwe pia. Hili huwa nalishikilia hata wazee wakinuna. Baada ya furaha ya Italia, Zambia ilifika robo fainali na kufungwa 4-0 na Ujerumani Magharibi, Jürgen Klinsmann akipachika matatu. Kipa asiyefungwa yupo kwenye hotuba za msibani tu. Alipofariki Gordon Banks wa Uingereza, tarehe 12 Februari 2019, kila aliyeingia bandani alikuwa na ile ya Guadalajara mdomoni: Kombe la Dunia la 1970, krosi ya Jairzinho, Pelé anapiga kichwa cha kudundisha chini, Banks anatoka nguzo ya karibu mbio hadi ya mbali, anaupandisha mpira juu ya mwamba. Wachache walijua mechi iliishaje. Brazil ilishinda 1-0, na mfungaji alikuwa Jairzinho huyohuyo. Kwangu mimi hilo linamwongezea Banks heshima: alifanya lile, akafungwa, akaendelea kudaka hadi filimbi ya mwisho.

Kuhusu wasimulizi. Usimuulize mzee "una neno gani juu ya marehemu?" Atakupa hotuba. Muulize alikuwa wapi alipopata habari, na nani alikuwa karibu naye. Baba yangu, aliyekuwa fundi wa reli, husimulia asubuhi ambayo wenzake wa upande wa Zambia walishuka kwenye treni hapa Iyunga bila kusalimiana na mtu, redio ikiwa imezimwa, na yeye akadhani wamekosa mishahara. Habari kama hiyo haipatikani kwa swali la hotuba. Mgeni akitoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na Kibemba chake, mpe mtu wa kumtafsiria, usimharakishe. Maikrofoni lakini ishike wewe. Mzee wa Rungwe ukimwachia, atakuwa ameshafika kwenye ubingwa wa timu ya kwao, Tukuyu Stars, wa 1986 kabla hujamaliza kumimina chai ya tangawizi.

Mambo madogo nayapitia haraka. Kiingilio siku hiyo sitozi. Nauza chai na mihogo tu. Jezi za Simba na Yanga zinaruhusiwa, utani wake hauruhusiwi. Mikeka ya kubeti ikae mifukoni. Michango sikusanyi, kwa sababu sina njia ya kuifikisha kwa wahusika, na fedha ya marehemu ikipotea jina linaloharibika ni la banda. Dua na sala ziwe fupi, shehe na mchungaji wakubaliane nani aanze. Kimya cha dakika moja kianzishwe na kumalizwa kwa filimbi ya refa, na mtu mmoja asimame barabarani kuwaomba bodaboda wazime pikipiki. Bila filimbi watu huanza kukohoa na kuangalia simu, hawajui imeisha au bado.

Baada ya kimya ndipo tunaeleza ajali, na baada ya ajali tunaonyesha Libreville ya tarehe 12 Februari 2012. Zambia ilirudi kwenye mji uleule ambao wenzao walifia, ikacheza fainali ya Afrika na Ivory Coast, sare ya bila kufungana, kisha matuta 8-7. Stoppila Sunzu ndiye aliyepiga la ushindi, lakini siku hii sisi tunarudisha nyuma mara mbili penalti ya kipa Kennedy Mweene, aliyeacha goli lake akaenda kufunga mwenyewe.

Watoto wakiisha kuona hayo hawatulii, kwa hiyo matuta yao yafanyike papo hapo kwenye lile goli la kamba, kabla giza halijaingia. Zawadi apewe aliyedaka, si aliyefunga. Glovu zinunue mapema pale Mwanjelwa, na chukua namba ndogo: wanaoshinda huwa na miaka kumi au kumi na mmoja, na glovu ya mtu mzima itamvuka mkononi mpira wa kwanza tu.