Kumwanzisha Mbwa Kazi ya Kutafuta Waliopotea: Mwongozo kutoka Malindi

Wengi wanaotaka kuianza kazi hii huuliza kwanza wanunue mbwa wa aina gani. Swali hilo lingoje. Mbwa amezaliwa na pua yake. Wewe ndiye unayepaswa kujifunza mapema huduma ya kwanza, kusoma ramani, kutumia GPS na kuzungumza kwa redio, kwa kuwa mtafutaji anayepotea huwaongezea wenzake kazi.

Hatua ya 1: Mbwa. Si lazima awe German Shepherd. Mbwa wa kienyeji anafaa, mradi hana woga, anapenda watu na hachoki kufukuza mpira. Aliye mkali kwa wageni mwache alinde boma. Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa na umkague kupe kila mnapotoka msituni.

Hatua ya 2: Upepo. Hapa usiwe na haraka. Mwili wa binadamu hudondosha chembe za ngozi wakati wote, na harufu yake huchukuliwa na upepo, ikitanuka kadiri inavyokwenda mbali. Kwa hiyo mbwa anayetafuta harufu ya hewani hahitaji kunusishwa nguo ya aliyepotea, bali anahitaji kupitishwa mahali ambapo upepo unaifikisha harufu hiyo. Mwongoze mkikata upepo, yaani mkitembea ukiwapiga ubavuni, kwa kwenda na kurudi. Kusi na kaskazi tunazijua sote, lakini katikati ya mivinje au vichaka vya msitu wa Arabuko-Sokoke upepo hugeuka ovyo, hivyo rusha unga kidogo uone unakoelekea. Fanyeni mazoezi alfajiri au jioni: adhuhuri joto huipandisha harufu juu, na mbwa anayehema ulimi nje hanusi vizuri.

Hatua ya 3: Kujificha. Msaidizi amwonyeshe mbwa mpira, akimbie hatua kama thelathini na kujificha nyuma ya mti huku mbwa akimwona. Mwachilie. Akimfikia, msaidizi mwenyewe, wala si wewe, ampe mpira papo hapo. Badilisha wasaidizi: mzee, kijana, aliyevaa buibui, aliyelala chini. Kisha mfundishe kubweka akiwa mbali kidogo, bila kumgusa wala kumlamba mtu. Waislamu wengi wa pwani huyahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, nao wana haki ya kuokolewa bila kuudhiwa. Kwa sababu hiyo hiyo, omba idhini ya msaidizi kabla ya zoezi na ya wenyeji kabla ya kuingia uani.

Hatua ya 4: Usijue alipo. Mbwa husoma macho na mabega yako upesi kuliko unavyodhani, basi mtu mwingine amfiche msaidizi. Msituni ingieni kwa kibali tu, kwani mna ndovu.

Mafunzo haya mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Katika msako wa kweli, nenda ukiitwa na polisi au wasimamizi wa msako, na mkirudi mikono mitupu, mfichie mbwa mtu mmoja ampate kabla hamjapanda gari, asije akaichukia kazi.