Somo: Malindi hadi Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, mto ukiwa kiongozi wako

Assalaam alaykum wana-Malindi, na ndugu zetu wa Lamu mliomo humu.

Kila alfajiri magari ya safari hukusanya wageni mahotelini na kuwapeleka Tsavo. Sisi wenyeji tunayaona yakipita tangu utotoni, na wengi wetu tumezeeka bila kumwona tembo ila kwenye noti na kalenda. Jambo hili huniuma. Kutoka hapa hadi lango la Sala ni kama kilomita 110 tu. Yale maji mekundu yanayoichafua bahari yetu baada ya mvua ya bara yamepita katikati ya mbuga hiyo: mto Athi na mto Tsavo hukutana humo ndani na kuwa Galana, na Galana ukikaribia kwetu tunauita Sabaki. Kwa hiyo ushauri wangu wote umejengwa juu ya neno moja: ukitoka Malindi, shika mto. Tsavo Mashariki ina zaidi ya kilomita za mraba 13,000. Ukitaka kuizunguka yote kwa siku moja utaona vumbi tu.

Hatua ya 1: Chagua majira

Nendeni wakati wa ukame: Januari na Februari, au kuanzia Julai hadi Oktoba. Vidimbwi vya porini vikikauka, wanyama hawana budi kuteremkia Galana, nawe unawakuta huko. Mvua ikishanyesha, maji yako kila mahali, majani yamerefuka, wanyama wametawanyika na udongo unanasa magurudumu. Apendaye ndege atafurahi miezi hiyo, lakini kwa familia inayokwenda mara ya kwanza siipendekezi.

Hatua ya 2: Gari na watu

Gharama kubwa ya safari ni gari, kwa hiyo lijazeni. Ndugu sita au saba wakichanga, kila mmoja hulipa kiasi kinachobebeka. Tafuteni dereva aliyezoea upande wa Sala. Anayejua upande wa Voi pekee atakimbilia huko, na siku yenu itaishia njiani. Kabla ya kumpa arubuni, kagueni tairi la akiba na jeki kwa macho yenu, msikubali kuambiwa tu.

Hatua ya 3: Malipo na mizigo

Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali; pesa taslimu hazipokelewi langoni. Viwango hubadilika, na raia, mkaazi na mgeni kila mmoja ana chake, basi tazameni bei ya siku hiyo na mlipe mkiwa bado mjini penye mtandao wa uhakika. Kila mtu mzima abebe kitambulisho chake.

Chupa za maji za plastiki ziacheni nyumbani. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya, pamoja na vikombe na mirija. Bebeni thamosi na chupa za chuma, na maji yawe mengi kuliko mnavyodhani. Chakula kiwe cha kuliwa bila moto: mahamri, mbaazi, viazi, mayai ya kuchemsha. Nguo za buluu na nyeusi huwavuta mbung'o, kwa hiyo vaeni rangi za udongo na mikono mirefu. Na darubini, hata ya kuazima. Bila darubini nusu ya safari imepotea.

Hatua ya 4: Njia

Ondokeni mara baada ya swala ya Alfajiri. Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, na wanyama hutembea zaidi asubuhi na jioni. Ikifika saa sita mchana jua limewasukuma wote kivulini.

Mkishaingia Sala, fuateni mto kuelekea magharibi. Mtaona mikoma imejipanga ukingoni, na vichaka vya mswaki, mti uleule tunaopigia meno. Vichaka hivyo vitazameni polepole, kwa sababu simba hupenda kulala chini yake penye baridi. Majini angalieni viboko na mamba. Swala aitwaye kuro hatoki mbali na maji. Wale wa nchi kavu, swala twiga mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu miwili kula majani, choroa mwenye pembe kama mikuki, na tandala mdogo, hao waendao Maasai Mara huwakosa, lakini Tsavo wapo.

Mkiendelea mtafika maporomoko ya Lugard. Msitarajie maji kuanguka kutoka juu. Hapo mto mzima unabanwa kwenye mwamba uliochongwa na maji kwa miaka isiyohesabika, hadi unaonekana kama mtu anaweza kuuruka. Asijaribu mtu! Miamba inateleza, na chini kidogo tu ndipo palipo mamba. Ng'ambo ya pili mnaona uwanda wa Yatta, lava iliyoganda yenye urefu wa kilomita kama 300. Hapa mnaruhusiwa kushuka, basi pumzikeni, kuleni, kisha geuzeni. Bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952, na jiwe la Mudanda ni pazuri sana, ila hayo ni ya anayelala.

Hatua ya 5: Namna ya kutazama

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanamtafuta simba kwa jina lake. Mtafute kupitia wenzake. Ukiona twiga watatu wamesimama wakikodolea upande mmoja bila kutafuna, kuna kitu upande huo. Swala pala akikoroma kwa pua, usiwashe gari, ngoja. Tai wakishuka mmoja baada ya mwingine, kuna mzoga, na penye mzoga huenda mwenyewe hayuko mbali. Zimeni injini kando ya mto mkae nusu saa bila maneno. Watoto wataweza wakipewa kazi: mmoja atazame maji, mwingine miti, mwingine anga.

Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa sababu hujimwagia vumbi na matope ya udongo wa huko. Chini ya vumbi ni wa kijivu kama wengine. Watazameni kwa adabu. Akitandaza masikio, akainua kichwa na kukutazama uso kwa uso, anakwambia umesogea mno. Rudi nyuma taratibu, usipige honi. Usiingize gari kati ya mama na mtoto. Dume mwenye majimaji yanayotiririka kati ya jicho na sikio, na mkojo unaomdondoka akitembea, yuko katika majira yake ya kutaka majike na hana subira na mtu. Mpe njia mapema, asubiriwe hata dakika arobaini.

Msishuke garini ila paliporuhusiwa. Mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Nyani msiwape hata kipande cha hamri, maana akishazoea huwa mwizi, na mwisho wake hupigwa risasi.

Hatua ya 6: Kurudi

Muwe mmeshatoka langoni kabla ya saa 12 jioni. Njiani mwendo wa pole, tembo huvuka barabara gizani nje ya mbuga pia.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kaka wa Maweni: Nina gari dogo la nyumbani. Litafika?*

Kiangazi kikali, kwenye barabara kuu za mbuga, huenda likafika, kaka. Lakini liko chini, na ukiwa umeketi chini huoni juu ya nyasi. Zaidi ya hayo, likinasa huruhusiwi kushuka kusukuma utakavyo. Changa na wenzako mkodi gari la juu.

*Mama wa Shela: Na kuswali je? Tukiwa humo siku nzima?*

Swali zuri, mama yangu. Umbali huo ni safari, kwa hiyo Adhuhuri na Alasiri mnaweza kuzipunguza na kuzikusanya. Mimi hupanga tufike maporomoko ya Lugard wakati wa Adhuhuri, kwa kuwa pale kushuka kunaruhusiwa. Wudhu utieni kwa maji ya garini, msiteremke mtoni kamwe. Mmoja abaki akiangalia wakati wengine wanaswali.

*Mwalimu wa Muyeye: Wanafunzi huniuliza kama simba wa Tsavo bado wanakula watu.*

Waambie kisa ni cha mwaka 1898, mwalimu. Madume wawili waliwashambulia wajenzi wa reli kwenye daraja la mto Tsavo, wakauawa Desemba mwaka huohuo, na sasa wako katika jumba la makumbusho la Chicago. Wote wawili hawakuwa na manyoya shingoni, na hadi leo madume wengi wa Tsavo wana manyoya machache au hawana kabisa. Kwa hiyo wakimwona dume wasije wakamwita jike.

*Ndugu wa Langobaya: Nyinyi mnalipa kuwatazama tembo. Sisi wanakula mahindi yetu bure.*

Ndugu yangu, una haki ya kusema hivyo, na sitakujibu kwa maneno matamu. Anayeishi kando ya mbuga ndiye anayeilipia zaidi kuliko mgeni yeyote. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia: shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, na majeruhi na mazao yaliyoharibiwa pia yamo. Malipo huchelewa mno, hilo linajulikana. Hata hivyo ripoti mara moja kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, piga picha shamba kabla hujasafisha, na uhifadhi nakala ya kila karatasi. Na nyinyi mnaokwenda: nunueni matunda na maji ya madafu vijijini njiani, msibebe kila kitu kutoka mjini.

*Dada wa Garsen: Ni kweli hirola wetu wako huko?*

Kweli, dada. Walihamishwa kutoka makwao, upande wa Garissa na Tana, mwaka 1963 na tena 1996, ili wasiishe wote mahali pamoja. Duniani kote wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Ukimwona swala wa rangi ya mchanga mwenye mstari mweupe unaounganisha macho mithili ya miwani, mwambie dereva asimame.

*Kijana wa Lamu, Langoni: Sisi tutajiungaje?*

Vukeni asubuhi hadi Mokowe, pandeni basi la Malindi, mlale hapa usiku mmoja. Msijaribu kuunganisha siku hiyohiyo, mtafika Sala lango limefungwa. Mkiwa wawili au watatu, andikeni tarehe zenu hapa chini kabla ya kukata tiketi ili tuwatafutie gari lenye nafasi.