Ukaguzi wa meinifremu huanza na ufunguo wa akiba

Mama yangu aliuza omena soko la Jubilee hapa Kisumu. Kila alipobadilisha kufuli la kibanda, alihesabu funguo mbele yetu sote: huu wangu, huu wa dada yako, wa tatu uko wapi? Miaka mingi baadaye nilipotolewa zamu ya usiku ya uopereta na kupelekwa ukaguzi, nikakuta kazi ni ileile.

Nazungumzia meinifremu ya IBM, kompyuta kubwa inayohudumia shirika zima, yenye mfumo endeshi wa z/OS, inayolindwa na RACF, programu ya kuamua nani aingie na afikie nini, iliyotoka mwaka 1976. Wenye ACF2 au Top Secret, programu nyingine za ulinzi, watatumia amri zao; maswali ni yaleyale.

Wadukuzi wa nje waache kwanza. Omba upewe ruhusa ya ROAUDIT, inayokuwezesha kuona mipangilio bila kuigusa. Wakikupa SPECIAL, mamlaka ya kuitawala RACF yenyewe, "ili kazi iwe rahisi", kataa kwa adabu. Siku kitu kikipotea, nawe utakuwa kwenye orodha ya washukiwa.

Kisha endesha DSMON, programu ya RACF ya kutoa ripoti za ukaguzi. Ripoti yake moja inataja wote wenye SPECIAL, na wenye OPERATIONS, wanaofikia karibu faili zote za data. Ichapishe, shika kalamu, uende ukaketi na afisa wa rasilimali watu. Usimtumie barua pepe, keti naye. Mahali fulani nisipopataja tulikuwa na majina kumi na moja. Kufika la saba, afisa akacheka: "Huyu mzee si alistaafu? Yuko Ahero analima mpunga."

Nikaandika LISTUSER, amri ya kuonyesha akaunti ya mtumiaji, na namba yake. Palipoandikwa LAST-ACCESS, yaani mara ya mwisho kuingia, tarehe ilikuwa ya wiki iliyopita.

Hakuwa mwizi. Kazi moja ya usiku ilikuwa imesajiliwa kwa jina lake, na vijana wa zamu wakawa wanarithishana nywila yake, kila anayeondoka anamnong'onezea anayeingia. Hakuna hata shilingi iliyotoka. Lakini ingetoka, kumbukumbu zote zingemtaja mkulima wa mpunga.

Ukiwa hapo, mtazame IBMUSER, mtumiaji wa kwanza wa mfumo. Huja na RACF mpya akiwa na nywila SYS1, ambayo dunia nzima inaijua. Ukishaweka msimamizi wako mwenyewe, huyo afungiwe.

Halafu tafuta WARNING kwa amri ya SEARCH CLASS(DATASET) WARNING. Faili iliyo katika hali hiyo ni kama geti lenye askari anayeandika jina la asiyeruhusiwa, kisha anamfungulia apite. Hali hii iliwekwa kwa majaribio ya muda. Nimeikuta imeachwa miaka.

Penye hatari kubwa ni maktaba za APF, yaani za programu zinazoaminiwa na mfumo. Programu iliyo ndani yake inaweza kujipandisha cheo na kuizunguka RACF, kwa hiyo mwenye ruhusa ya UPDATE, ya kubadilisha yaliyomo, pale hahitaji kupewa SPECIAL, atajipa. DSMON itakuonyesha pia UACC, ruhusa ya mtu yeyote asiyetajwa. Ikiwa ni UPDATE au zaidi, usisubiri ripoti ya mwisho. Piga simu saa hiyo hiyo.

Mwisho, kumbukumbu zenyewe. Matukio ya RACF huandikwa kwenye SMF, daftari la matukio la z/OS, kama rekodi za aina ya 80. Fungua SMFPRMxx, yenye mipangilio ya SMF, uhakikishe aina hiyo haijazimwa, kisha amri ya SETROPTS LIST ikuonyeshe kama zimewashwa SAUDIT na OPERAUDIT, ili hata vitendo vya wakubwa viandikwe. Nakala zikae mahali ambapo wanaoendesha mashine hawawezi kuzifuta. Hili la mwisho watakubishia sana, watakwambia diski ni ghali.

Ile kazi ya usiku tuliihamishia kwa mtumiaji wa PROTECTED, asiye na nywila kabisa, basi hakuna cha kunong'onezana. Mzee wa Ahero nilimpigia kumjulisha kwamba akaunti yake imefungwa. Akaniuliza, "Na ile kazi, mwisho wa mwezi bado inakwama?"

Bado inakwama.